Amri ya Nane na Sabuni ya Mwani

Wapendwa, mshirika anapofungua duka, wengi hudhani mchungaji anahitajika siku moja tu, siku ya kuliombea. Baada ya hapo mambo ya bei, wateja na matangazo ni yake mwenye duka. Mimi ninahudumu kisiwani Pemba, na kwa muda wa mwaka mmoja nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni, kwa sababu tu nilikuwa na kompyuta na wao hawakuwa nayo. Kazi hiyo imenionyesha kwamba neno la Mungu lina mengi ya kusema baada ya maombi ya ufunguzi kwisha: pale unapokaa na kalamu kuandika utakachomwambia mtu asiyekujua ili akutumie fedha yake.

Kikundi kina wanawake 18. Saba ni washarika wetu, wengi wao wake wa walimu na askari waliohamishiwa huku kutoka bara. Kumi na mmoja ni Waislamu, wenyeji wa kisiwa, wakulima wa mwani. Ninyi mlio bara huenda mwani hamuujui. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu mwanzo kimekuwa hasa mikononi mwa wanawake. Maji ya bahari yanapokupwa sana wakati wa bamvua, wanatembea hadi kwenye vigingi, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, na baada ya wiki chache wanavuna na kuanika. Mwani mkavu hupelekwa ng'ambo, hutolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Anayeshinda majini hulipwa kidogo kwa kilo. Zaidi ya hayo, bahari imezidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi inakufa katika maeneo mengi ya pwani. Ndiyo maana akina mama wakasema: badala ya kuuza kilo, tusage wenyewe, tutie katika sabuni, tuuze kipande.

Sabuni yetu ina mafuta ya nazi, unga wa mwani na mafuta ya makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua, na mafuta yake hukamuliwa katika kiwanda kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake. Karafuu yenyewe hatuiuzi, kwa kuwa kisheria mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Sisi tunauza harufu yake tu, na harufu hiyo kwa Mpemba aliye mbali ni kitu kikubwa.

Kijana mmoja wa usharika, mwanafunzi wa kompyuta, alitutengenezea tovuti wakati wa likizo. Tulifurahi sana ilipokuwa hewani. Wiki mbili za kwanza tulipata oda tatu, na mbili kati ya hizo zilitoka kwa dada yangu wa Morogoro na shemeji yangu. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Mchungaji, sasa hao watu wa dunia nzima wako wapi?" Nikamweleza kwamba duka la barabarani Chake Chake linapitiwa na watu, hata asiyekuwa na nia ya kununua ataliona. Tovuti iko kama duka lililojengwa ndani ya msitu wa Ngezi. Hakuna apitaye hapo mpaka ameelekezwa. Basi tukakubaliana kupanga namna ya kuwaelekeza watu.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuwa la mtandaoni. Tulihesabu rafu. Sabuni ya namna hii huchanganywa na kostiki, na ikishakatwa vipande lazima ikae wiki nne hadi sita ndipo iwe imepevuka na kupoa. Ukiiuza mapema inakuwa laini, inaisha haraka, na ikiwa mbichi kabisa inaunguza ngozi. Kwa vyombo tulivyo navyo tunatoa vipande 240 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa namba kuu ya mpango wetu wote. Tangazo likileta watu 1,000 wiki hii, tutawaambia nini? Ama tutawarudishia fedha, ama tutawangojesha miezi minne, ama, na hapa ndipo shetani anapokaa, tutawatumia sabuni ya jana. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama. Ninawaomba wote wanaoanza biashara ya mtandaoni wahesabu rafu kabla hawajahesabu wafuasi.

Tukiwa katika mipango hiyo, kijana mmoja mfanyabiashara wa matangazo alitupigia simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na adabu, alituamkia vizuri, na alijua kazi yake. Kwa shilingi 400,000 angetupatia wafuasi 5,000 kwenye ukurasa wetu wa Instagram, na maoni 50 ya wateja wenye kusifu, kila moja na jina lake na nyota tano. Alitutumia na mfano. Mwanamke fulani wa Arusha alieleza jinsi sabuni yetu ilivyomponya ukurutu wa miaka tisa. Mwanamke huyo hayupo. Wala sabuni yetu haijawahi kufika Arusha.

Kikundi kilikuwa na shilingi 620,000 katika akiba. Tulikutana Jumamosi alasiri barazani kwa mama mwenyekiti. Msidhani kwamba jambo lilikuwa jepesi. Mama mmoja ana binti aliyepangiwa kidato cha tano bara, na zimebaki wiki sita kabla ya kuripoti. Alisema, "Mchungaji, nauli ya boti, godoro, sare, vyote vinaningoja mimi. Wote mtandaoni wanafanya hivyo. Sabuni yenyewe ni nzuri, hatumwibii mtu. Tunaomba watu wasogee tu." Niliyaheshimu maneno yake na ninayaheshimu hata leo. Mtu mwenye mshahara ni rahisi kuwafundisha wengine uaminifu.

Sikuwa na jibu la haraka, lakini nilikuwa na katekismo. Sisi Walutheri tuliokariri amri kwa ajili ya kipaimara tunajua kwamba Amri ya Nane inakataza ushuhuda wa uongo. Tumezoea kuifikiria mahakamani au katika masengenyo. Lakini maoni ya mteja ni nini kama si ushuhuda? Mtu wa Dodoma hawezi kuigusa sabuni yangu, hawezi kuinusa, hawezi kunitazama usoni. Anachotegemea ni neno la mtu mwingine aliyeitumia kabla yake. Ninapomtengeneza shahidi asiyekuwapo nimemshuhudia uongo jirani yangu, tena jirani aliyefumba macho akanishika mkono nimvushe barabara.

Martin Luther naye alilijua soko. Katika Katekismo Kubwa, anapoeleza Amri ya Saba, hazungumzii tu mwizi avunjaye nyumba. Anawahesabu pamoja na wezi wale wanaomdanganya mwenzao sokoni kwa bidhaa mbovu, vipimo vya uongo na ujanja wa maneno. Mwaka 1524 aliandika kijitabu kizima juu ya biashara, akawakemea wafanyabiashara ambao kanuni yao ilikuwa kuuza ghali kadiri wawezavyo. Hakusema biashara ni dhambi. Alisema mwenye kuuza anauza kwa jirani yake, na hilo lapaswa kumwongoza katika bei na katika maneno yake.

Nilipomaliza kusema hayo, bibi mmoja wa Kiislamu, mkubwa kuliko sote pale, akasema kwamba na kwao Qurani inawaonya vikali wanaopunja vipimo, na kwamba kuongeza watu wasiokuwepo ni kupunja kipimo. Mimi nilikuwa nimesema kwa robo saa, yeye alimaliza kwa sentensi moja. Akina mama waliamua kwa kunyoosha mikono. Mikono 13 ilikataa, mitano ilikubali. Mama mwenye binti alikuwa kati ya wale watano, na hakuna aliyemlaumu.

Baadaye nimesoma kwamba hata dola za dunia zimeanza kuliona jambo hili. Marekani, kwa mfano, mwaka 2024 Tume ya Biashara ya serikali ilitoa kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo ya wateja, pamoja na wafuasi wa bandia. Ni vizuri. Lakini Mkristo hangoji kanuni ya serikali ndipo ajue kwamba mwanamke wa Arusha asiyekuwapo hawezi kupona ukurutu.

Neno hilo la kuponya nalo tulilifuta. Dawa ni dawa na sabuni ni sabuni. Tuliandika kile tulichokijua: imetengenezwa na nini, imekaa rafuni siku ngapi, ina harufu gani, na kwamba mwenye ngozi nyepesi aijaribu kwanza kwenye kiwiko.

Likaja shauri la pili, nalo lilikuja kwa nia njema zaidi, kwa hiyo lilikuwa gumu zaidi kulikataa. Rafiki yetu mmoja, mshirika wa kanisa ng'ambo, alishauri tuweke picha za akina mama wakiwa na nguo zilizochakaa, na maneno ya kusema kwamba kila kipande kinamwokoa mwanamke maskini. Alisema watu wa kwao wananunua upesi wakiguswa moyo. Nilipowafikishia akina mama habari hiyo, mmoja akauliza, "Sisi tunauza sabuni, au tunauza umaskini wetu?"

Swali hilo nimelitembea nalo sana katika kisiwa hiki, kwa sababu Pemba imeuza kwa watu wasioionekana kwa muda mrefu kabla ya intaneti. Karafuu si mti wa asili wa hapa, asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, wakati wa Sultani Said. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Meli zilibeba magunia kwenda Bombay na London, na mnunuzi wa huko alinusa harufu nzuri. Hakuonyeshwa mikono iliyochuma. Mingi ilikuwa mikono ya watumwa. Bidhaa ilitangazwa, mtu akafichwa.

Mwaka 1897 hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Zanzibar, Waquaker kutoka Uingereza walifika Pemba, wakapata shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani. Hapo waliwapa kazi ya ujira watu waliotoka utumwani. Hawakuwa Walutheri, na siwezi kusema kila walichofanya kilikuwa sawa. Lakini walielewa kwamba imani ina neno la kusema juu ya mkono uliochuma, si juu ya karafuu peke yake.

Basi kuna njia mbili za kumkosea mfanyakazi katika tangazo. Ya kwanza ni kumficha kabisa, kama alivyofichwa mchumaji wa karafuu. Ya pili ni kumwonyesha akiwa ameinamishwa, ili mnunuzi ajisikie mkubwa. Akina mama walichagua njia ya tatu. Waliandika wenyewe ukurasa wa kujitambulisha. Wanasema wao ni 18, wanaeleza jinsi wanavyofunga mwani, jinsi wanavyogawana faida mwisho wa mwezi, na kwamba wanaweka sehemu katika mfuko wa kusaidiana. Waliotaka kupigwa picha walipigwa, wamevaa walivyopenda. Sita hawakutaka, na picha zao hazimo. Uso wa mtu si mali ya kikundi.

Washarika wengine waliniuliza kwa nini hatukuweka msalaba kwenye karatasi ya sabuni, wala jina la usharika kwenye tovuti. Walisema Wakristo wa bara wangenunua kwa wingi. Niliwajibu kwamba hii si sabuni ya usharika. Wenye sabuni ni wanawake 18, na 11 kati yao wakienda kusali hawaji kwetu. Kuandika msalaba juu ya kazi ya mikono yao ili tupate wateja kungekuwa uongo wa tatu, na huu ungelibeba jina la Bwana bure, kwa hiyo Amri ya Pili nayo ingeingia. Tunaishi kwa amani na majirani zetu kwa sababu wakitusikia tukisema jambo, wanajua ndivyo lilivyo.

Baada ya kuyakataa haya, tulifanya nini? Ninawaandikia kwa kifupi, maana najua wapo kati yenu waliofungua tovuti na sasa wanakaa wakiitazama.

Tulijiuliza kwanza tunamwambia nani. Tukapata watu wa namna tatu: Wapemba walioko Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na Dubai, wanaoikumbuka harufu ya nyumbani; wageni wanaolala katika hoteli za kisiwa hiki na Unguja; na wazazi wa mijini wanaotafuta sabuni isiyo na mambo mengi. Kila kundi tukaliandikia kwa lugha yake. Pili, tuliyapanga maneno ya tovuti kwa jinsi watu wanavyotafuta. Hakuna anayetafuta jina la kikundi chetu, kwa kuwa hawalijui. Wanatafuta "sabuni ya mwani" au "sabuni ya karafuu", basi maneno hayo tuliyaweka kwenye kichwa cha kila ukurasa. Tatu, tulijiandikisha kwenye ramani ya Google ili mgeni aliyeko kisiwani atuone. Nne, tulipunguza uzito wa picha, kwa kuwa mteja wetu anatumia bando, na ukurasa ukichelewa kufunguka anaondoka. Tano, tuliweka namba ya WhatsApp kila mahali, kwa maana watu wetu huangalia kwenye tovuti lakini hununua kwa kuongea.

Fedha ya matangazo ya kulipia tuliipima kama dawa. Shilingi 5,000 kwa siku kwa siku kumi, tangazo moja likionyesha sabuni, jingine likionyesha akina mama wakiwa baharini, kisha tukalinganisha ni lipi lililoleta oda. La baharini lilileta maoni mengi ya kupendeza. La sabuni ndilo lililoleta oda. Tungehesabu sifa tu, tungeendelea kulipia lile lisilouza.

Na kuhusu ushuhuda, tulituma vipande 30 kwa watu 30 wa kweli, tukawaomba waandike chochote watakachokiona, kizuri au kibaya, na tukaandika wazi kwamba walipewa bure. Walioandika ni 19. Mmoja alisema harufu ya makonyo ni kali mno kwa mtoto wake mchanga. Akina mama wengine walitaka tuliondoe neno hilo. Mwishowe walilikubali, na kwa sababu yake wametengeneza sabuni ya pili isiyo na makonyo kabisa, na sasa robo ya oda ni za hiyo.

Mwezi wa kwanza baada ya mpango huu tuliuza vipande 41, wa pili 63, wa tatu 118. Hatujaimaliza rafu bado. Ninawaambia hesabu hizi kama zilivyo, maana nisingeweza kuandika makala ya namna hii kisha nikawaongezea. Huenda kwa shilingi 400,000 tungeuza mara tatu yake. Sijui mtu anayesema kwamba uaminifu hulipa haraka amelipwa na nani. Mimi ninachokijua ni kwamba yule binti alikwenda shule kwa mkopo wa mfuko wa kusaidiana, siyo kwa faida ya sabuni, na mama yake anaurudisha kidogo kidogo. Siku ya kuandika barua ya mkopo, wa kwanza kutia sahihi alikuwa yule bibi aliyesema juu ya vipimo.

Wapendwa, wengi wenu mtafungua biashara mtandaoni, au watoto wenu watafungua na kuwaomba mchango. Waombeeni, na waulizeni maswali haya matatu. Rafu yako inaweza kubeba unachoahidi? Anayekusifia yupo? Na waliofanya kazi wameonyeshwa kama watu? Wakijibu vema, wapeni mtaji kadiri mwezavyo, kisha nunueni kitu kwao kwa bei kamili, na mkishakitumia mwandike kwa kweli mlivyokiona. Hiyo nayo ni huduma, na haihitaji uwekwe wakfu ndipo uifanye.